Ile baa mpya Masaki ya vinywaji vya kizamani: naagiza nini?

Mtu wa Ubungo: Wakuu, Ijumaa nampeleka mama watoto kwenye ile baa mpya Masaki. Nimetumiwa picha ya menyu, kila glasi ina mwaka wake: 1806, 1919... na bei inaanzia elfu thelathini! Mimi ni mtu wa Kilimanjaro baridi, yeye hapendi kali. Tuagize nini?

Mzee wa Kaunta: Mkuu, nimesimama kaunta za hoteli miaka mingi, nikupe ya ndani. 1806 ni mwaka ambao gazeti moja la Hudson, New York, lilieleza koktelo ni nini: pombe kali, sukari, maji na bitazi (matone machungu ya mitishamba). Basi. Baadaye mabaa yakaongeza mbwembwe, wateja wa siku nyingi wakawa wanadai watengenezewe ile ya kizamani, ndiyo hiyo Old Fashioned. Anza nayo, halafu mwangalie kijana mikono. Barafu iwe bonge moja. Akikuwekea vile vipande vidogo vya mashine, wiski itakuwa maji kabla hamjamaliza stori. Na ganda la chungwa alikamue juu ya glasi mpaka uone mafuta yanaruka. Akilitumbukiza tu kama pambo, usiagize ya pili hapo.

Shemeji mpe Sherry Cobbler: mvinyo wa sherry, sukari, chungwa, barafu iliyopondwa. Karne ya 19 ndicho kinywaji kilichowazoesha Wamarekani mrija. Sio kali.

Kijiwe Sinza: Elfu thelathini glasi moja? Mimi kwa hela hiyo ni Konyagi, toniki na mishkaki, na bado naita boda.

Mzee wa Kaunta: Cheka, lakini toniki yako nayo ni ya kizamani. Ina kwinini, dawa ya malaria, Waingereza kule India waliichanganya na pombe ya jini (gin) enzi za kuogopa malaria.

Mtu wa Ubungo: Hahaa. Na hiyo 1919?

Mzee wa Kaunta: Negroni, ya Florence, Italia. Jini, Campari (pombe chungu ya Kiitaliano) na vermouth nyekundu (mvinyo wenye viungo), sawa kwa sawa. Chungu kama mwarobaini. Mimi naipenda sana, ila shemeji usimguse nayo siku ya kwanza.

Mtu wa Ubungo: Nimekupata mzee wangu. Makobazi wanaruhusu?

Mzee wa Kaunta: Vaa viatu, bwana.