Mke anataka mashine ya kuosha vyombo, mama anasema ni uvivu. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela

Baba Wanne (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Nyumbani tuko saba: mimi, mke wangu, watoto wanne, na mama yangu mzazi aliyekuja kutoka Moshi kutibiwa magoti. Dada aliyekuwa anatusaidia ameondoka mwezi uliopita, kaenda kufungua genge lake la chakula, tumemwombea heri. Tangu hapo vyombo vimegeuka ugomvi. Mke wangu ni muuguzi, ana zamu za usiku. Anarudi asubuhi kachoka, anakuta karo limefurika: vikombe vya uji, sahani za jana, na lile sufuria la ugali ambalo kila mtu analipita kama halioni.

Sasa kaja na hoja ya mashine, ile kubwa ya upana wa sentimita 60. Kariakoo nimetajiwa milioni moja na laki nane, usafiri juu yangu. Mama kasikia, kauliza: "Nyumba ina mikono kumi na minne, mashine ya nini?" Mimi niko katikati.

Mazingira: tupo Kinyerezi. Maji ya bomba yanatoka siku za kuhesabu, tuna tanki la lita 2,000 juu ya mnara, siku nyingine tunanunua ya boza kutoka kisimani. Tunapikia gesi, ila maharage na makande ni mkaa. Umeme upo, unakatika kama kwa kila mtu.

Mwenye nayo anielekeze. Nawasilisha.

Kaka Poa

Watoto wanne halafu unaulizia mashine? Wanaume wa Dar bwana. Mkubwa yuko darasa la ngapi?

Baba Wanne

Kidato cha pili, mkuu. Basi la shule linamchukua saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa kumi na mbili jioni na mzigo wa kazi za shule. Jumamosi anaosha, silalamiki. Shida ni Jumatatu hadi Ijumaa.

Mama Zainabu

Mimi ninayo na siitoi. Lakini nikupe picha kamili, maana dukani wanakuonyesha sahani nyeupe na glasi tu.

Inaosha vizuri sana sahani, vikombe, glasi, vijiko, bakuli za kioo na masufuria ya stenlesi. Mafuta ya samaki yaliyogandia kwenye sahani, ile harufu ya shombo kwenye glasi, vyote vinaisha, kwa sababu inaosha kwa maji ya moto ambayo mkono hauwezi kuyavumilia. Huhitaji kusuuza kabla, unakwangua tu mabaki yakaingia kwenye ndoo ya taka.

Isichoweza ndiyo nusu ya jiko letu. Sufuria za aluminiamu usiweke kabisa. Wifi yangu alikuja Idi akataka kunisaidia, akapanga masufuria yote ya pilau humo, akabonyeza. Yalitoka ya kijivu, mengine meusi kama yamepakwa risasi ya penseli, ukipitisha kidole kinachafuka. Sabuni ya mashine ni kali, inakula ile ngozi ya juu ya aluminiamu. Mwiko wa mbao unapasuka, kibao cha chapati kinapinda, chupa ya chai na hotpoti haziingii, sahani za melamini zinapauka na kuchanika mistari midogo midogo. Masizi ya mkaa nayo haitoi, utayasugua mwenyewe kwa stilwaya kama zamani. Ukoko wa ugali unauloweka kwanza.

Kwa hiyo pita jikoni kwako uhesabu. Kama mnapikia sufuria za aluminiamu, mtabaki na masufuria karoni kila siku, na mkeo alikuwa analalamikia sufuria la ugali, sivyo?

Baba Wanne

Mama Zainabu umenigusa penyewe. Masufuria yetu yote ni aluminiamu, tulipewa kwenye harusi. Stenlesi ni moja tu, la kuchemshia maziwa.

Fundi Mabomba

Mkuu, kabla ya masufuria niulize maji. Huo mnara wako una urefu gani? Jiko liko chini au ghorofani?

Baba Wanne

Nyumba ya chini. Mnara ni kama mita tatu.

Fundi Mabomba

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Kila mita 10 za kimo cha maji zinakupa ba 1 ya presha. Mita tatu ni ba 0.3. Sasa geuza nyuma ya mashine au fungua kitabu chake: nyingi zinataka presha isipungue ba 0.3 au 0.5. Wewe uko mpakani, na tanki likishuka unakuwa chini ya mpaka. Mashine itasubiri maji, haitayapata kwa muda wake, itaonyesha kosa na kusimama. Nimeitwa nyumba nyingi "mashine mbovu", nikifika mashine haina tatizo, maji ndiyo yanadondoka kama machozi. Dawa ni pampu ndogo ya kuongeza presha. Weka kwenye bajeti tangu leo.

Mengine kwa kifupi. Koki ya kuingizia maji ni ya robo tatu ya inchi, sawa na ya mashine ya kufulia. Unganisha maji baridi, itayachemsha yenyewe. Mpira wa kutoa maji machafu upandishwe juu kabla ya kushuka kwenye bomba la karo, usiuache umelala sakafuni, la sivyo maji ya karo yatarudi ndani. Soketi iwe ya peke yake ukutani. Hita yake inavuta kama wati 2,000, ukiichomeka kwenye ekstensheni moja na birika la umeme unatafuta moto.

Bint Shangani

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, na huku mashine hii ni kitu cha kawaida majumbani, lakini maji yetu ya bomba kwa sehemu kubwa ni ya bahari yaliyosafishwa. Nikija Unguja kwa mama nakuta mambo mengine kabisa. Ndugu yangu umetaja maji ya kisima, hebu tulia hapo.

Ndani ya mashine, chini kabisa, kuna tundu la kutia chumvi maalumu, yenye chembe kubwa. Kazi yake si kuosha vyombo. Kuna kifaa kinachonasa chokaa ya kwenye maji, na ile chumvi inakisafisha kiendelee kunasa. Chumvi ya kupikia usitie, ni laini mno, inaganda, na huwa ina vitu vya kuongezwa. Unaiwekea mashine kiwango kulingana na ugumu wa maji yako.

Lakini watu wanadhani kifaa hicho kinatoa na uchumvi. Hakitoi. Chemsha maji yako kwenye birika: ukiona utando mweupe mgumu chini, hiyo ni chokaa, mashine inaiweza. Ukiyaonja na ulimi ukahisi chumvi, kama visima vingi vya karibu na pwani, hapo utapata glasi zenye ukungu na vijiko vyenye madoa ya kutu. Maji hayo tumieni kufua na kumwagilia, mashine ipate ya bomba.

Kaka Poa

Dada umeua. Kumbe chumvi haitoi chumvi.

Mkaazi wa Ruaka

Habari zenu kutoka Nairobi. Mimi nimepanga fleti, na mwenye nyumba hataki kusikia mambo ya kutoboa ukuta. Nilichukua ile ndogo ya kuweka juu ya meza, ya kujaza maji kwa jagi, kama lita tano hivi, haihitaji bomba. Mpira wa kutoa maji unaenda kwenye sinki. Shida ya presha haipo kabisa. Sisi ni watu watatu, inatosha. Kwa watu saba itabidi uizungushe mchana kutwa, na sufuria ya ugali haiingii hata ukiiombea.

Niongeze moja ambalo halijasemwa. Mashine huwashwa ikijaa. Kama mna vikombe saba, saa nne asubuhi vyote viko ndani vichafu, na mzunguko wa kubana umeme unachukua saa tatu au zaidi. Lazima uwe na vyombo vya kutosha siku nzima. Mke wangu alinunua vikombe vingine wiki ileile.

Baba Wanne

Asanteni sana. Upande wa gharama za mwezi ikoje? Na kweli inaokoa maji? Muuzaji kanihakikishia.

Mama Zainabu

Umeme kwa mzunguko mmoja wa kubana ni kama uniti moja. Ukiwasha kila usiku ni uniti 30 kwa mwezi. Kwa sisi tunaolipa kama shilingi 356 kwa uniti, ni elfu kumi na kitu. Kama wewe ni wa kile kiwango cha chini cha uniti 75, angalia usije ukavuka ukapandishwa. Umeme ukikatika katikati usifungue mlango, nyingi zinaendelea pale zilipoishia ukirudi.

Vidonge vya sabuni ndivyo vinavyouma. Mimi ninavyonunua, kimoja kinakuja elfu moja na ushee. Piga mara 30. Na usije ukajaribu sabuni ya maji ya kawaida ukidhani unabana matumizi, povu litatoka hadi sebuleni.

Maji: ya saizi unayotaka inatumia kama lita 10 kwa mzunguko. Muuzaji hadanganyi, ila anakulinganisha na mtu anayeosha bomba likiwa wazi muda wote. Kwa nyumba inayoosha kwa beseni mbili, moja la sabuni na moja la kusuuzia, tofauti ni ndogo. Mimi sikununua kwa ajili ya maji. Nilinunua kwa ajili ya usiku wangu.

Mwalimu wa Zamu

Nicheke kidogo. Mama anayetajwa kubuni mashine ya kwanza ya namna hii iliyofanikiwa sokoni, Josephine Cochrane wa Illinois, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1886, na nyumbani kwake alikuwa na wafanyakazi. Inasimuliwa kwamba walikuwa wanamvunjia kingo za vyombo vyake vya kaure. Na baada ya maonyesho ya Chicago ya 1893 wateja wake wakubwa walikuwa hoteli na mikahawa, majumbani ilichelewa sana. Moja ya sababu ilikuwa maji ya moto ya kutosha kutopatikana. Kwa hiyo Baba Wanne, wewe na tanki lako mko kwenye foleni ya zamani.

Shangazi wa Tabata

Wote mmeongea mashine. Mimi nina swali dogo. Jumatatu hadi Ijumaa mkiwa kazini na watoto shuleni, vyombo vya chai na vya mchana anaosha nani?

Baba Wanne

Mama. Anakaa kwenye kigoda uani na beseni, anasema anajinyoosha.

Shangazi wa Tabata

Mwanangu, umesema mama kaja kutibiwa magoti. Kigoda, beseni chini, kuinuka na kuinama. Halafu unaandika kwamba yeye ndiye anayepinga mashine kwa sababu ya uvivu.

Mzee aliyekuja mjini kutibiwa anajiona mzigo. Vile vyombo ndiyo mchango wake kwenu. Ukileta mashine bila kuzungumza naye, umemwambia hana kazi. Kaa naye, usitume watoto wala mkeo, maana likitoka kwa mkwe litakuwa na jina jingine. Mwambie daktari hataki akae chini hivyo. Mpe kazi yenye heshima: yeye ndiye asimamie zamu za watoto jioni, nani anaosha, nani anafuta, nani anapanga kichanjani. Hata wa miaka saba anaweza vijiko. Na kabla ya hiyo milioni na laki nane, jengeni karo la kusimama hapo uani, pawe na kivuli na kiti kirefu. Hilo mtalihitaji hata mashine ikija, masufuria yataoshwa wapi?

Kaka Poa

Shangazi akiongea mimi nafunga mdomo.

Baba Wanne

Shangazi, shikamoo. Nimeongea naye jana jioni kabla mke hajaenda zamu. Alinyamaza kidogo, akasema: "Hiyo mashine kama inaosha sahani tu, basi sufuria la ugali wewe utalisugua." Nimekubali mbele ya watoto, mashahidi wote wapo.

Tulipofikia na mke: karo la uani linaanza wiki hii, fundi mwashi kashaleta tofali. Sufuria mbili za stenlesi tunanunua sasa, la ugali na la wali, za harusi zinabaki kwa maharage na mkaa. Pampu mwezi ujao. Mashine tunaisogeza hadi bonasi ya mke mwezi wa kumi na mbili, kwa hela yake na kwa uamuzi wake, maana zamu ni zake. Fundi Mabomba, pampu ya ukubwa gani?

Fundi Mabomba

Usinunue bado. Pima kwanza kwa futi kamba, kutoka kitako cha tanki hadi koki ya jikoni, usipime kutoka mfuniko. Halafu weka ndoo ya lita 10 chini ya koki, fungua yote, hesabu inajaa kwa dakika ngapi. Fanya hivyo tanki likiwa nusu. Niletee namba hizo mbili humu, nitakwambia saizi. Na ukimwambia mwashi alaze bomba la karo la uani, aache tawi la robo tatu upande wa jikoni kabla hajapiga plasta.