Mjadala: Mtoto akikwama kuongea Kiingereza, hajui lugha au hajui jambo?

Mleta mada: Wadau wa elimu Dodoma, salaam. Mtoto wa kidato cha kwanza, aliyesoma msingi kwa Kiswahili, apimwe kuongea Kiingereza kwa mada anayoijua, tuseme kilimo cha zabibu, au yoyote ile, mfano safari ya ndege? Nashikilia mada anayoijua. Ukimpa ndege mtoto wa Hombolo asiyewahi kuipanda, unampima alikofika, si anavyoongea.

Mwl. wa Chamwino: Nakubali nusu tu, mkuu. Anajua mzabibu unapogolewa, unachipua, unatoa maua kisha vichala, na mavuno ni mara mbili kwa mwaka. Lakini yote yamo kichwani kwa Kiswahili au Kigogo. Atakwama hapo hapo kwenye kupogoa. Mada ya nyumbani huwa na msamiati mgumu kuliko ndege!

Mtahini: Ndiyo maana sikilizeni anakwama wapi. Mwanasaikolojia wa lugha Willem Levelt, mwaka 1989, aligawa kuongea katika hatua tatu: kuandaa wazo, kulivika maneno na sarufi, kisha kutamka. Kimya kabla ya sentensi mara nyingi ni wazo linatafutwa. Kimya katikati, “we... we... the branch”, ni neno limekosekana. Wa kwanza mpe maarifa, wa pili mpe msamiati. Na anayesema “we cut the branches” kwa kukosa neno la kupogoa asikatwe alama ya ufasaha. Amejiokoa mwenyewe, na huko ndiko kuongea.

Mleta mada: Sawa, darasani tufanyeje?

Mtahini: Kila mtoto mada mbili, moja anayoijua na moja ngeni. Dakika moja kujiandaa, mbili kuongea. Kwa ile ngeni, asome kwanza aya fupi ya Kiswahili, dakika tatu. Maneno manane ya kila mada yafundishwe siku moja kabla. Neno lililoonwa sasa hivi halijazoea mdomo. Maudhui na lugha zipate safu mbili za alama. Akiisoma aya na bado anakatika katikati ya sentensi, hapo ni lugha.

Mwl. wa Chamwino: Hiyo aya ya Kiswahili ndiyo siikubali. Ataitafsiri neno kwa neno, akatike katikati kwa sababu yako wewe, halafu uandike hajui lugha. Mpe picha nne za uwanja wa ndege kwa mpangilio: tiketi, mizigo, ukaguzi, kupanda. Jambo atalielewa bila kubebeshwa sentensi za mtu mwingine.