Wauza santuri za jazi: acheni kuandika "chapa ya kwanza" wakati hamjasoma hata ukanda mtupu

Wakuu, hili limefika shingoni.

Matangazo ya santuri za Blue Note, kampuni ya rekodi za jazi ya Marekani, yanapandishwa kila kukicha na maneno yaleyale: "orijino", "chapa ya kwanza", "ya 1958". Bei iko juu mawinguni, na picha ni moja tu, ya kava la mbele. Kava la mbele halithibitishi kitu. Muziki uliorekodiwa 1958 unaweza kuwa umechapwa 1958, 1967 au 1975, na kava likabaki na sura ileile. Mwaka wa kurekodi si mwaka wa kuchapa. Anayeuza kwa bei ya chapa ya kwanza bila kujua tofauti hiyo anachukua pesa ya watu kwa jambo asilolijua. Anayeijua na bado akaandika hivyo ni mwizi.

Anzeni na anwani kwenye lebo. Zile za mwanzo za mfululizo wa 1500 (santuri zenye namba zinazoanzia 1500) zina 767 Lexington Ave. Mwaka 1957 ikaja 47 West 63rd. Baadaye kidogo yakaongezwa "Inc." na R ndani ya duara, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikawa "New York USA". Blue Note ilipouzwa kwa kampuni ya rekodi ya Liberty, kuanzia 1966 lebo zikaanza kuandikwa "A Division of Liberty Records". Someni lebo za pande ZOTE mbili. Zipo sahani zenye West 63rd upande mmoja na New York USA upande wa pili, na mara nyingi hiyo maana yake sahani imechapwa baadaye kwa lebo zilizobaki.

Sasa tuje penye udanganyifu mkubwa. Liberty walirithi shehena ya lebo za New York USA na makava ya zamani, wakayatumia mpaka yakaisha. Kwa hiyo unaweza kushika sahani yenye lebo "sahihi" na kava "sahihi", kumbe imechapwa na Liberty katika kiwanda kingine. Kinachoitenganisha ni alama moja kwenye ukanda mtupu, ile sehemu laini kati ya mwisho wa muziki na lebo. Kiwanda cha Plastylite, kilichoichapia Blue Note mpaka 1966, kiliweka hapo herufi P ya mwandiko inayofanana na sikio. Ni ndogo na imechongwa kwa kina kidogo. Washa taa moja ya pembeni, shika sahani kwa kingo, iinamishe na kuizungusha polepole, utaiona. Sikio lisipokuwepo kwenye albamu iliyotoka kwanza, tuseme, 1957 au 1962, futa neno "kwanza" kwenye tangazo lako. Tofauti ni albamu zilizotoka mwishoni kabisa, karibu na kuuzwa kwa kampuni. Baadhi ya hizo, chapa ya kwanza yenyewe ni ya Liberty.

Na msituletee "ina RVG" kama ushahidi. RVG au VAN GELDER inasema fundi sauti Rudy Van Gelder ndiye aliyekata lakaa, yaani sahani mama ambayo vyuma vya kuchapia hutengenezwa kutokana nayo. Mwanzoni aliichonga kwa mkono, baadaye akagonga kwa muhuri. Haisemi sahani imechapwa lini, kwa sababu vyuma vilevile vilitumika miaka mingi baadaye. Chapa nyingi za Liberty zinayo, na hata za miaka ya 1970 unazikuta nayo. Ni dalili nzuri ya sauti, na ndiyo maana chapa ya Liberty yenye VAN GELDER inafaa kabisa kununuliwa, ila kwa bei yake.

Ule mfereji wa kina ("deep groove"), duara lililobonyea kwenye lebo yenyewe, nao mnauimba bila kuuelewa. Unatokana na vyuma vya mashine ya kuchapia, na vilibadilishwa kidogo kidogo. Mashine moja ingeweza kuwa na chuma cha zamani juu na kipya chini. Ndiyo sababu sahani nyingine zina mfereji upande mmoja tu.

La mwisho ni madaraja. "VG+" (Very Good Plus, yaani nzuri sana) ya kutazama kwa macho chini ya balbu ya sebuleni haina thamani. Mikono mizito ya gramafoni na sindano zilizoisha za miaka ya 1950 na 1960 zilichimba kuta za mifereji bila kuacha mchubuko unaoonekana. Sahani inang'aa, lakini tarumbeta ikipanda inatoa sauti ya kukwaruza. Ubovu huo husikika zaidi karibu na lebo, na sababu ni hesabu tu: kwa mizunguko 33⅓ kwa dakika, ukingo wa nje hupita chini ya sindano kwa sentimita 51 hivi kwa sekunde, lakini sentimita 6 kutoka katikati ni 21 tu. Wimbi lilelile limebanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Piga wimbo wa mwisho wa kila upande, pale vyombo vinapopaza, rekodi sekunde 30, weka kwenye tangazo. Asiyetaka kufanya hivyo aandike wazi: "haijapigwa".

Jibu #2
Naunga mkono mia kwa mia. Nyongeza kwa wanunuzi kabla hamjarudisha sahani ya mono (yenye sauti ya njia moja, si mbili kama stereo): mifereji ya mono ya enzi hizo ilikusudiwa sindano yenye ncha ya nusu kipenyo cha maikroni 25. Sindano ya mviringo ya stereo ni 18 au chini, inazama zaidi. Ile ya 25 inakaa juu kidogo ukutani, na mara nyingine inakuta sehemu ambayo haijaliwa. Kama huna, angalau bonyeza swichi ya mono kwenye amplifaya. Kelele za sindano kupanda na kushuka zinapungua sana. Ikikwaruza hata hapo, sahani imekwisha. Na muuzaji asikujibu "sindano yako mbovu" wakati sahani nyingine zinapiga safi.

Jibu #3
Mmewasahau wanaouza chapa mpya za Ulaya za "gramu 180" kama dhahabu. Ulaya, ulinzi wa rekodi ulikuwa miaka 50. Ulipopandishwa kuwa 70 mwaka 2013, rekodi zilizotolewa kabla ya 1963 zilikuwa zimeshatoka kwenye ulinzi na hazikurudi. Kwa hiyo mtu yeyote kule anaruhusiwa kuchukua CD ya jazi ya miaka ya 1950 na kuikatia santuri. Sheria inaruhusu, sawa. Kinachoudhi ni kuficha. Tafuta kwenye kava nani amekata na kutoka tepu ipi. Pasipoandikwa chochote, hesabu kwamba tepu mama haikuguswa, na uzito wa plastiki hauongezi sauti.

Jibu #4
Na ufungaji je? Sahani ikiachwa ndani ya kava, paketi ikidondoka kwa kona, ukingo wa sahani unapasua mshono kama kisu. Itoeni, iwe kwenye mfuko wake wa ndani, ikae NYUMA ya kava. Vipande viwili vya boksi gumu kila upande, mistari ya kipande kimoja ikate ya kingine ili visikunjike. Mifuko ya nje iwe ya polithini. Ile ya PVC laini huacha ukungu kwenye sahani, na ukishaingia hautoki kwa kuosha.

Kwa tulio Dar na Mombasa: dereva asiache mzigo kwenye gari lililofungwa juani. Saa moja inatosha kuipinda.