Kocha amemwambia mpwa wangu aingie potali ya uhamisho, hiyo ni hiari ama anafukuzwa?

Mjomba_Kapsowar

Habarini za usiku wadau. Naomba mawazo hasa ya nyinyi mlio Marekani ama mliowahi kuwa wanariadha wa vyuo vya huko. Mtoto wa dadangu yuko mwaka wa pili kwa chuo kimoja cha Divisheni 1, ile ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, jina sitaji, alienda kwa skolashipu kamili ya mbio, karo chumba na chakula. Mwaka wa kwanza alikimbia vizuri sana, mbio za nyika alikuwa namba tatu kwa timu yao. Sasa Oktoba akaanza kusikia uchungu kwa muundi, akaambiwa ni kawaida, akaendelea na maili zake 60 kwa wiki, Januari ndio wakampiga picha wakaona mfupa una ufa. Akavalishwa kile kiatu kirefu cha plastiki cha hospitali.

Wiki iliyopita kocha akamwita ofisini. Anasema alikuwa mchangamfu, akauliza habari za nyumbani, akauliza mvua imenyesha, halafu akamwambia mipango ya timu imebadilika na yeye anamwona akifurahia zaidi chuo kidogo, kwa hivyo ajaze fomu ya potali, ile orodha ya mtandaoni ya wanamichezo wanaotaka kuhama chuo, mapema kabla dirisha halijafungwa. Hata dakika kumi hazikuisha. Msichana akauliza, na skolashipu yangu? Akajibiwa "tutaona". Alinipigia huku ikiwa saa saba usiku, hakuwa analia, alikuwa anauliza tu amekosea wapi, na hiyo ndiyo iliniuma kuliko angelia.

Mjue dadangu aliuza ng'ombe wawili wa maziwa ndio huyu mtoto aende. Ada ya SEVIS, ile rekodi ya serikali ya Marekani ya wanafunzi wa kigeni, dola 350, viza dola 185, pasipoti, mtihani wa Kiingereza, tiketi, masanduku. Karatasi tulisaini ilikuwa na mwaka mmoja tu na hakuna aliyetueleza maana yake. Fomu bado hajajaza. Ni haki hii? Na afanye nini?

Nesi_FortWorth

Pole sana mzee. Kitu cha kwanza, mwambie asiguse hiyo fomu leo wala kesho mpaka asome hii.

Ukiingia potali, chuo kinaruhusiwa kukukatia skolashipu muhula ukiisha, hata kama hujapata kwingine pa kwenda. Wewe ndiye umesema unataka kuondoka, kwa hivyo hawana deni nawe. Lakini usipoingia, mambo ni tofauti kabisa. Zile ligi kubwa tano za michezo ya vyuo zilipitisha Januari 2015 kwamba hawawezi kukunyang'anya skolashipu kwa sababu umeumia ama kasi yako imeshuka, na kuanzia Agosti 2024 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikataka hivyo kwa Divisheni 1 yote. Sasa kocha anayejua hawezi kukufukuza atafanya nini? Atakufanya ujifukuze. Ndio wahenga wakasema akufukuzaye hakwambii toka.

Mimi ilinipata. Sikuambiwa kitu. Kwanza jina langu likakosa kwa orodha ya safari, nikafikiri ni makosa. Halafu asubuhi moja nikaenda kwa chumba cha kubadilishia nguo nikakuta kabati langu lina jina la mtu mwingine, na viatu vyangu vya misumari na ile jezi ya mwaka wa kwanza viko kwa mfuko mweusi wa takataka, umefungwa fundo vizuri, umewekwa kando ya mlango. Hakuna mtu alinikosea adabu, wote walikuwa wananisalimia. Nikaingia potali mwenyewe kwa aibu. Nilingoja wiki kumi na moja, simu mbili tu zikapigwa, nikaishia chuo kidogo kinacholipa nusu ya karo, na ile nusu nyingine kaka zangu wakachanga. Na mjue kwa viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, huwezi kwenda kutafuta kazi mjini, ni kazi ya ndani ya chuo na muhula ukiendelea mwisho ni saa 20 kwa wiki. Ukiacha masomo bila ruhusa ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, rekodi yako ya SEVIS inafungwa na huna haki ya kukaa. Mwenzako Mmarekani akikatwa anarudi kwa mamake kulala kwa chumba chake cha zamani.

Amwandikie kocha barua pepe, fupi, kwa adabu: nikibaki, skolashipu yangu ya mwaka ujao itaendelea? Basi. Asilaumu, asieleze. Nakala aitume ofisi ya kanuni pale idara ya michezo. Wakikataa kumpa tena, chuo kinatakiwa kumwarifu kwa maandishi kabla ya Julai 1 kwamba ana haki ya kusikizwa rufaa, na wanaosikiza sio watu wa michezo, ni watu wa misaada ya karo. Na aombe faili yake ya matibabu yote kuanzia Oktoba, sio Januari. Oktoba.

Kocha_msaidizi_Ohio

Nitasema kitu ambacho wengi hapa hamtapenda lakini nasema kwa roho safi kwa sababu hii ndiyo kazi yangu.

Kuhama chuo si laana. Tangu 2021 mwanamichezo anaweza kuhama mara moja bila kukaa nje ya mashindano mwaka mzima, na tangu 2024 hakuna kikomo cha mara ngapi. Vijana wetu wangapi kutoka Bonde la Ufa wameanzia vyuo vya miaka miwili vya Kansas na Texas wakapanda kwa vyuo vikubwa kwa njia hiyohiyo? Hiyo ni upande mmoja. Upande wa pili, ule mkataba wa kesi ya House, kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA kuhusu malipo, jaji aliupitisha Juni 6, 2025, na kwa vyuo vilivyoingia ndani yake ile hesabu ya zamani ya skolashipu imeondoka, badala yake wanahesabu vichwa: mbio za nyika 17, riadha 45, basi. Hapo zamani kocha angeweza kumweka msichana aliyeumia, akangoja apone, hakuna mtu anamsumbua. Siku hizi akimweka kuna mwingine anakosa nafasi. Na chuo kinaweza kuwalipa wanamichezo mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa masomo wa 2025-26, ambazo sehemu kubwa inaenda kwa futiboli ya Kimarekani na basketi, kwa hivyo sisi wa riadha tunaambiwa kila mwezi tuonyeshe alama tulizoleta ama tufunge virago. Mimi mwenyewe mkataba wangu ni wa mwaka mmoja.

Kwa hivyo kocha akimwambia mtoto mapema kwamba hapa hutakimbia, naona ni heshima kuliko kumnyamazia mpaka Mei.

Dada_wa_Moshi

Kocha samahani, lakini hapo kwenye "akimwambia" ndipo penye tatizo lenyewe. Hajamwambia! Soma tena aliyoandika mjomba. Amemwambia atafurahia kwingine. Angemwambia "sina nafasi yako kwenye timu ila skolashipu yako ipo, soma umalize", huo ungekuwa ukweli na binti angeamua akiwa na macho. Yeye kaulizwa swali la skolashipu uso kwa uso akajibu tutaona, na jibu analijua.

Mimi hata Deion Sanders, yule kocha wa futiboli ya Kimarekani, nampa haki yake hapo. Desemba 2022 alipofika Chuo Kikuu cha Colorado, timu ilikuwa imeshinda mechi moja ikafungwa kumi na moja, alisimama mbele ya wachezaji kamera zikiwaka akawaambia waziwazi waingie potali, na zaidi ya 50 wakaondoka. Sikupenda, nilisikitika kwa wale vijana, lakini angalau dunia nzima ilijua nani kamtoa nani, hakuna mtoto aliyelazimishwa kwenda nyumbani kusema nimeamua mwenyewe.

Halafu jamani, huyu binti aliumia akikimbia maili walizompangia wao. Alisema mguu unauma tangu Oktoba. Kama mfupa umepasuka kazini kwao, halafu kwa sababu ya mfupa huohuo unamwonyesha mlango, mimi sijui utaiitaje zaidi ya dhuluma. Wakati wa kumtafuta hawakusema tutaona. Naamini kocha aliongea na mama yake kwa video, akaahidi kwamba mtoto atakuwa mikononi mwao. Si ndivyo mjomba?

Mjomba_Kapsowar

Ndivyo dada. Aliongea na dadangu, mimi ndiye nilikuwa natafsiri. Alisema "atakuwa kama binti yangu". Dadangu akamwombea.

Kocha_msaidizi_Ohio

Sawa, hilo la maandishi nakubali, na la Oktoba sikuliona vizuri nilipoandika, naomba radhi. Niongeze tu kwa mjomba: makocha wa vyuo vingine hawaruhusiwi kuzungumza naye kabla jina lake halijaonekana kwa potali, kwa hivyo asije akadanganywa na wakala wa Eldoret kwamba "nishakupatia chuo, ingia tu". Wako wengi wanaosema hivyo na wanalipwa iwe amepata ama amekosa.

Mjomba_Kapsowar

Nimerudi wadau, siku nne zimepita. Aliandika ile barua, mistari mitatu, dada wa Fort Worth nilimsomea maneno yako kwa simu. Kocha hajajibu mpaka leo. Ila ofisi ya kanuni ilijibu kesho yake: skolashipu itaendelea mwaka ujao, nafasi kwa timu haijathibitishwa. Kwa hivyo ile "tutaona" ilikuwa na jibu siku zote na lilichukua siku moja tu kuandikwa.

Mtoto amesema hataingia potali mpaka mguu upone ajue anaweza kukimbia muda gani, asiende kujinadi akiwa na magongo. Masomo yanaenda vizuri. Lakini kule mazoezini amekuwa kama hayuko, kwa kikundi cha meseji cha timu wamemtoa. Dadangu nilipomweleza yote hakuuliza habari ya karo, aliuliza sasa huo mguu nani anauangalia.

Nesi_FortWorth

Mwambie mama swali lake ndilo linalofuata kuandikwa. Barua ya pili, kwa daktari wa timu: nikiwa nje ya timu, matibabu ya mguu huu yataendelea mpaka lini na nani analipa? Kwa zile kanuni za Agosti 2024, Divisheni 1 wanatakiwa kugharamia majeraha ya michezo hata miaka miwili baada ya mtu kumaliza, sembuse huyu ambaye bado anakaa bwenini kwao. Picha ya Januari aombe kwa diski, asikubali karatasi tu. Na anitafute kwa inboksi, nina zamu ya usiku mpaka Alhamisi lakini hiyo barua nitaisoma kabla hajaituma.