Mrejesho: waya wa meno uliokuwa ukimchoma binti shavuni

Asanteni mlionijibu nilipouliza nifanye nini na ncha ya nyuma ya waya wa kunyoosha meno iliyokuwa ikimchoma binti yangu shavuni. Nta ya meno, ile laini ya kufunika waya, imesaidia kweli. Kosa lilikuwa kuibandika juu ya mate, haishiki. Nawa mikono, kausha waya kwa pamba, finyanga kipande kama punje ya njegere hadi kilainike, kisha kandamiza. Kitoe kabla ya kula na kupiga mswaki. Kidonda asukutue kwa maji vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Mahindi choma ya hapa Nairobi yasubiri, yanang'oa vidude vilivyogandishwa kwenye meno. Waya hatukuukata wenyewe, kipande kingeweza kumezwa. Daktari wa meno ameshaufupisha.