MJADALA: Sheli ikichafua maji ya visima, gharama abebe nani?

Mleta mada
Wakuu, Dar sasa hivi kila kona kuna sheli, na nyuma ya sheli kuna nyumba zenye kisima. Matenki yamefukiwa chini, hakuna anayeyaona. Hoja yangu: kila sheli iwe na visima vya uchunguzi kuzunguka matenki, majibu ya maabara yabandikwe hadharani, na kila lita ikatwe tozo ndogo ya mfuko wa kusafisha maji. Barabara zina mfuko unaotokana na mafuta, maji yamekosa nini? Marekani walianzisha mfuko wa namna hiyo mwaka 1986, sehemu ya kumi ya senti kwa galoni. Karibuni, matusi hapana.

Bodaboda Mstaafu
Tozo tena? Hiyo lita imebaki na nafasi ya kukatwa kitu?

Mwenye Sheli
Mkuu, bei kikomo wanapanga EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kila mwezi, siwezi kupandisha nitakavyo ili nifidie gharama. Nikichimba visima vya kupima na kulipa maabara, hela natoa wapi? Halafu mtaani vyoo vimejaa, gereji zinamwaga oili chafu mtaroni, ila mchafuzi ni sheli tu!

Mchimba Visima
Tutofautishe. Choo kinaleta vijidudu na naitreti. Benzini, ile kemikali iliyomo ndani ya petroli na inayosababisha saratani ya damu, haitoki chooni. Petroli ni nyepesi kuliko maji. Kwenye mchanga wetu wa pwani inashuka mpaka inakuta maji, inaelea juu yake, na benzini inayeyuka humo na kusafiri nayo.

Kisima cha uchunguzi chenyewe ni bomba la plastiki lenye matundu membamba, lililoshuka kupita usawa wa maji. Unateremsha kichoteo cha plastiki angavu kwa kamba, unakivuta taratibu. Kama uvujaji ni mkubwa unauona kwa macho: maji chini, tabaka la petroli juu. Usipoona kitu usishangilie. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 za benzini kwa lita, na pua haiwezi kunusa kiasi hicho. Na nyie wa "tutachemsha": benzini inapanda na mvuke, mnaivuta jikoni.

Hela zinapoliwa ni kwenye kusafisha. Unanyonya petroli inayoelea, unavuta mvuke wake udongoni, unapampu maji na kuyapitisha kwenye mkaa maalumu, na hiyo ni kazi ya miaka. Santa Monica, California, mwaka 1996 walifunga visima vilivyotoa karibu nusu ya maji ya mji, kisa kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli.

Mwanasheria Uchwara
Mleta mada, Marekani umeisoma nusu. Mfuko ule unaingia pale mwenye tenki asipojulikana, asipoweza au akikataa kusafisha. Mwenyewe anatakiwa kwanza awe na bima au dhamana, na kwa wauza mafuta ni dola milioni 1 kwa tukio. Hata hapa kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mchafuzi alipe. Ukileta tozo, mzembe analipiwa na abiria wa daladala.

Mleta mada
Sawa, ila tazama Thange, kule Makueni, Kenya. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kwenye bomba la Mombasa–Nairobi, mwenye bomba alijulikana, tena wakati ule lilikuwa shirika la umma, na bado wananchi walihangaika miaka na kesi. Muda wote huo wanywe nini? Mfuko usafishe kwanza, kisha umdai mchafuzi.

Mwenye Sheli
Bima nakubali, ilimradi EWURA waiingize kwenye hesabu ya bei. Kubandika majibu hapana. Mteja akiona tu neno "benzini", hata kama ni chini ya kikomo, kahamia sheli ya pili.

Pampu Namba Tatu
Bosi, kabla ya maabara kuna daftari. Kila asubuhi tunachovya fimbo kwenye tenki, tunalinganisha na mita za pampu. Lita zikipungua kila wiki, mnaandika "mvuke" au mnatukata mshahara. Siku mkaguzi akija, mtampa daftari hilo?