Naomba ushauri: poti ya siriali inagandisha mashine ya Linux

Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya Linux inayopokea data za vipimajoto kupitia ttyS0 (poti ya siriali ya kwanza), kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Ikishafanya kazi saa mbili tatu, logi inajaa ujumbe wa "too much work for irq4" (kazi nyingi mno kwa irq4, yaani laini ambayo poti hii huitumia kuita prosesa), kisha kila kitu kinaganda: kibodi haijibu, hata ssh (kuingia kutoka mashine nyingine kwa mtandao) haiingii. Inabidi nizime kwa kitufe, na kila mara naogopa diski itaharibika.

Nimebadilisha kebo, nikashusha kasi hadi 9600. Inachelewa, lakini bado inaganda. Chipu ya poti ni 16550A, ile yenye bafa (hifadhi ya muda ya data) ya baiti 16. Nikichomoa kebo, mashine inakaa siku nzima bila tatizo, ndiyo maana nashuku kelele za umeme kwenye waya, au getty (programu inayosubiri mtu aingie kupitia poti) inajibizana na kifaa. Nianzie wapi?